Nilimnyima Mwanangu Uloto wa Pacha Wake, Nikamnywesha Kondo la Kondoo

Nina miaka thelathini na saba. Nimezaliwa Kishapu, kwenye boma lenye ng'ombe wengi na daftari hata moja hakuna, na nimeolewa Katoro, mkoani Geita, ambako mume wangu ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Ni mama wa mapacha wawili wa kike, Kulwa na Doto. Kabla sijaanza nawaomba jambo moja... msinionee huruma! Huruma wapeni watoto. Mtakayemsoma hapa ni mwanamke mpumbavu, tena mpumbavu mwenye maringo, na hao ndio wabaya zaidi.

Mapacha wangu hawafanani. Doto alizaliwa mnene, na sauti ya kuweza kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Kulwa, aliyemtangulia kwa dakika chache, alikuwa mdogo na macho yake yalikuwa na unjano. Hajatimiza hata mwaka, viganja na nyayo zake zikaanza kuvimba kama maandazi. Majirani wakasema amelogwa. Mama mkwe wangu, aliyekuwa Kishapu, akasema mabasa hawakufanyiwa mila sawasawa. Mabasa ndilo jina letu Wasukuma kwa mapacha. Nilimsikiliza kila mtu, isipokuwa mtu aliyesomea.

Alipofika miaka mitano ndipo tukaambiwa hospitalini kwamba ni selimundu. Chembe za damu yake hazina umbo la duara kama za wenzake, zinajikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, kisha zinakwama kwenye mishipa. Ndiyo maana alikuwa analia mifupa. Ninyi mnaoujua ugonjwa huu mnakijua kile kilio... Mtoto anakuangalia machoni kama anayekuuliza, wewe si mama? Mbona huondoi?

Kliniki yetu ilikuwa Shinyanga mjini, kwa sababu ni njia ya kwenda kwa mama mkwe. Kulikuwa na daktari mmoja wa kike, mfupi, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba lazima usogeze kiti ndipo umsikie. Akamwanzishia Kulwa vidonge vya kumeza kila siku. Akanieleza kuwa vidonge hivi haviondoi ugonjwa, ila vinapunguza mashambulizi, na kazi yake huonekana polepole. Akasema nisiviache hata siku moja bila kumuuliza. Nikaitikia ndiyo, dokta. Mimi hodari sana wa kuitikia!

Miezi ikapita. Kulwa akaanza kukaa wiki nyingi bila kulazwa. Siku moja, mapacha wakiwa na miaka minane, yule daktari akaniambia kuna njia ya kuuondoa ugonjwa kabisa. Akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za seli shina.

Sikuwahi. Akachukua kalamu, akachora mti nyuma ya karatasi. Akasema mwilini kuna seli ambazo ni kama shina, na kutoka kwake huchipuka seli nyingine. Shina la damu liko ndani ya mifupa, kwenye ule uloto ambao sisi wafugaji tunaufyonza kwenye mfupa wa ng'ombe. Kulwa shina lake lina kasoro, ndiyo maana kila siku linatoa damu ya mundu. Ukiondoa shina bovu ukapanda zima, damu mpya itatoka nzima. Na shina zima linalofaa mara nyingi hupatikana kwa ndugu wa tumbo moja.

Wakawapima watoto wote wawili. Majibu yakarudi... Doto hakuwa na selimundu, na uloto wake ulikuwa unaoana na wa Kulwa! Daktari akacheka siku ile, mara ya kwanza kumwona akicheka. Akasema wapo wazazi wanaotafuta bahati hii hadi wanachoka. Tiba yenyewe ingefanyika hospitali kubwa, mbali, safari ya siku nzima kwa basi.

Hakunificha hatari. Kulwa angepewa dawa kali za kuondoa shina la zamani, nywele zingekatika, angeweza kupata maambukizi, na wapo wasioamka. Doto angelazwa usingizi, atolewe uloto kwa sindano nyuma ya nyonga. Ingemuuma siku chache, kisha mwili wake ungejitengenezea mwingine. Pia akasema Doto naye ni mtu, si ghala la akiba la dada yake. Ni lazima aulizwe, tena na mtu mwingine, mimi nisiwepo.

Je, nilifurahi? Nilirudi kwenye basi nimekumbatia mkoba kama mtu aliyeibiwa.

Tukakaa kikao cha ukoo Kishapu. Mume wangu, Baba Kulwa, akaeleza kidogo kisha akamtazama mama yake. Mwanamume huyu kwenye karasha ni simba, akikohoa tu wasaga mawe wanakimbia. Mbele ya mama yake ni panya. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Yaya! Hapana! Mmoja ni mgonjwa, mnataka wawe wawili? Mabasa hamwezi kumkata huyu mkamshonea huyu. Akifa Kulwa ni Mungu. Akifa Doto ni ninyi!"

Shemeji yangu mmoja akadakia kwamba amesikia seli hizo zinachukuliwa kwa vichanga ambavyo havijazaliwa, na kwamba ni dhambi kubwa. Alisikia wapi? Kwa kinyozi! Nilikuwa nimeshamuuliza daktari jambo hilo hilo, akanijibu vizuri. Alisema zipo seli za namna nyingi. Zile za mimba changa kabisa watu duniani wanabishana, na wana haki ya kubishana, maana kuna swali la uhai ndani yake. Lakini za uloto wa Doto hazimuui mtu yeyote. Nilikuwa na jibu mdomoni... na sikulisema! Nilikaa kwenye mkeka, nikaangalia vidole vyangu vya miguu, na kikao kikaisha kwa kukataa.

Kwa nini? Niliogopa. Hilo naweza kujisamehe. Mama yupi haogopi kumtoa mtoto mzima kwa ajili ya mgonjwa? Lakini hayo yaliyofuata si woga. Yasikilizeni.

Miezi michache baadaye Katoro ikaingiliwa na mtu. Nitamwita Dokta Lameki. Jina si lake, na udokta si wake pia. Alikodi ukumbi karibu na stendi, akatundika bango lenye picha ya mti wa kijani na maneno makubwa: SELI SHINA, TIBA YA KARNE. Mimi niliposoma neno seli shina, moyo ukaruka. Si ndilo neno la daktari wa Shinyanga? Kumbe mwizi hodari huiba kwanza jina.

Nilikwenda na Kulwa. Jamaa alikuwa amevaa koti jeupe lisilo na doa hata moja, viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo, na miwani ya jua ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba! Akamshikisha Kulwa kijichuma chenye waya uliounganishwa na kompyuta ndogo. Baada ya dakika moja mashine ikatoa majibu ya mwili mzima: ini, figo, moyo, ubongo, hata nyota yake ya elimu. Daktari aliyesoma miaka na miaka hutoa damu na kusubiri maabara. Huyu kijichuma kinamwambia yote! Na mimi nikakubali kwa kichwa.

Nikamweleza habari za Doto na uloto. Akashika kifua kama aliyechomwa mwiba.

"Mama, wanataka kumtoboa mtoto mzima? Karne hii? Mimi seli shina zangu haziumizi mtu. Zimetoka kwenye kondo la kondoo na matunda ya nchi za baridi. Mtoto anakoroga kwenye maji, anakunywa, basi!"

Kondo la kondoo! Ndugu wasomaji, nimelelewa zizini. Nimeshika kondo za kondoo kwa mikono hii, nimeona mbwa wakizigombea asubuhi, hakuna mbwa hata mmoja aliyepona kitu! Baba yangu angenisikia nalipia unga wa kondo la kondoo angenirudisha kuchunga. Lakini ukiuweka kwenye pakiti inayong'aa, ukauandika kwa herufi za dhahabu, mtoto wa mfugaji anaunyenyekea.

Nikaanza kumnywesha Kulwa. Unga una rangi ya pinki na ladha ya stroberi. Vidonge vya hospitali aliendelea navyo mwanzoni, na vilikuwa vimeshafanya kazi mwilini kwa muda mrefu. Kwa hiyo mtoto alikuwa na nafuu, na sifa ya nafuu ile nikampa kondoo. Mama mkwe akafurahi. Baba Kulwa akafurahi, maana hakulazimika kuwa mwanamume mbele ya mama yake. Siku tuliyokuwa tumepangiwa kwenda hospitali kubwa kwa maandalizi ilipofika, daktari wa Shinyanga akanipigia simu. Sikupokea. Akapiga tena kesho yake. Nikaizima.

Dokta Lameki akaniita jukwaani nitoe ushuhuda. Nilivaa kitenge kipya, nikamsimamisha Kulwa pembeni yangu, nikasimulia. Nilikuwa sijawahi kushika kipaza sauti maishani. Nilipomaliza, ukumbi mzima ulisimama, wakapiga makofi, wengine wakalia. Mke wa mwalimu mkuu, ambaye hajawahi kuitikia salamu yangu sokoni, akaja kunikumbatia.

Ukweli ninaouficha siku zote nauandika leo... Sikumwacha daktari kwa sababu nampenda Doto. Nilimwacha kwa sababu nilipenda kupigiwa makofi!

Walikuwa na vyeo vyao pale. Ukiingiza watu unakuwa Fedha, ukizidisha unakuwa Dhahabu, kisha Almasi. Nilivishwa utepe wa Dhahabu. Fikirieni upumbavu huo! Mji mzima watu wanashuka kwenye mashimo kutafuta dhahabu, wengine hawapandi tena, na mimi nimekuwa dhahabu kwa kusimama tu jukwaani. Nikaacha kusalimia watu vizuri. Watu wakiniambia shikamoo, marahaba yangu ilikuwa inatokea puani. Walinirekodi video, ikasambazwa kwenye simu za watu kuanzia Chato mpaka Isaka. Wanawake nisiowajua wakawa wananipigia kuniuliza kama ni kweli. Nikawaambia ni kweli, mtoto wangu amepona.

Kisha Dokta Lameki akaniambia vidonge vya hospitali ni kemikali, vinapigana na seli mpya, niviache. Nikavitupa chooni mimi mwenyewe, kimoja kimoja, kama mtu anayefanya jambo la maana.

Haikupita robo mwaka, Kulwa akaanza kulia mifupa. Kwanza miguu, kisha mgongo. Nikampigia Lameki. Akajibu kwa furaha kabisa kwamba hizo ni seli mbovu zinatoka, kwamba maumivu ndiyo dalili ya kupona, nimwongezee pakiti. Mnasikia? Mtoto akipata nafuu, dawa imefanya kazi. Mtoto akiumia, dawa imefanya kazi zaidi! Akifa bila shaka dawa ingekuwa imemaliza kazi yote.

Shambulio la pili alilazwa kwenye kituo cha afya pale pale Katoro, akaongezewa damu. Nilikaa naye siku nne. Na sasa someni kwa makini, maana hapa ndipo ninapojichukia. Wiki moja baada ya kutoka wodini, Lameki alinitaka nirekodi video ya pili. Kulwa alikuwa bado na alama ya sindano mkononi. Nikamvalisha sweta la mikono mirefu. Nikamkalisha mapajani, nikaangalia kamera, nikasema mwanangu hajaugua tangu aanze seli shina na kuacha vidonge. Kulwa alinigeukia akaniangalia. Kisha akaitazama kamera. Watoto wenye adabu huwalinda wazazi wao waongo.

Ikaja Jumamosi moja. Mapacha walikuwa wanakunywa uji uani, mimi nafua. Nikasikia kikombe kimeanguka. Nikamgombeza Kulwa bila hata kugeuka. Ndipo Doto akapiga kelele, "Mama, mdomo wake! Mama, mwangalie mdomo!"

Nikageuka. Mdomo wa Kulwa ulikuwa umevutwa upande, uji unamchirizika shingoni, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Alitaka kusema kitu. Ikatoka sauti tu...

Kiharusi! Mtoto wa miaka tisa! Sikuwahi kujua kwamba mtoto anaweza kupata kiharusi. Baadaye nilikumbushwa kwamba daktari aliniambia, kwamba ilikuwa miongoni mwa sababu za kutaka tuharakishe. Nilikuwa nimeitikia ndiyo, dokta.

Nikampigia Lameki tukiwa ndani ya gari kuelekea hospitali. Akasema, nanukuu alivyosema, "Mwekee pakiti mbili chini ya ulimi, mama, halafu usimpeleke hospitali watamharibu." Nilipopiga tena, namba ikawa haipatikani. Mpaka leo haipatikani kwangu.

Kutoka Geita tulihamishiwa Shinyanga. Yule daktari mfupi akaja kitandani. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alimshika Kulwa mkono ule uliokufa, akampima, akaandika, akatoa maagizo ya kubadilishiwa damu haraka. Mimi hakunitazama kabisa. Afadhali angenipiga kofi!

Siku ya tatu wodini, mwanamke mmoja wa kitanda cha jirani alinitazama sana, kisha uso wake ukafunguka.

"Jamani, si wewe Mama Kulwa? Wa kwenye video!"

Aliitwa Mama Zuhura, mpika chakula wa madereva wa malori pale Isaka. Mtoto wake wa miaka sita, Zuhura, alikuwa na selimundu pia. Alikuwa ameishiwa damu mpaka ulimi na viganja vimekuwa vyeupe. Mama Zuhura akafungua mfuko wake kunionesha kwa fahari pakiti zile za kung'aa. Alikuwa ameacha vidonge, kama nilivyosema kwenye video. Akawa ananieleza kwamba ameambiwa maumivu ni seli mbovu zinatoka, akawa anataka nimthibitishie... Kisha macho yake yakahamia kitandani kwangu. Akamwona Kulwa. Akauona ule mdomo.

Akakunja mfuko wake taratibu. Hakunipigia kelele. Akaniuliza swali moja tu.

"Uliporekodi, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia sikujua.

Zuhura alifariki kesho yake mchana. Damu ilikuwa inaingia, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Mama yake alimfunga kwenye kanga, akapita mbele ya kitanda changu akiwa na kaka yake, na hakugeuza shingo.

Kulwa aliporuhusiwa, nilisikia Lameki amehamia Chato. Nikapanda basi. Nilitaka nimrarue koti lake. Nilifika ukumbini watu wamejaa, wazee kwa vijana, wavuvi, kina mama wenye watoto mgongoni. Mbele kulikuwa na televisheni kubwa. Na kwenye televisheni... nilikuwa mimi! Mimi na kitenge changu, mimi na Kulwa wa sweta, nasema kwa sauti tamu kuwa mwanangu hajaugua.

Nikasimama katikati ya viti. Nikapaza sauti: "Huyo ni mimi! Ni uongo! Mtoto huyo amepooza!"

Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimekonda, kichwani nimejifunga kitambaa kama cha msiba, kandambili miguuni. Wakamtazama wa kwenye televisheni, wakanitazama mimi. Mzee mmoja akasema kwa upole, "Mama, usijifananishe na watu." Wengine wakacheka. Mwanamke mmoja akasema nimetumwa na wenye maduka ya dawa. Kondoo wale! Walimwamini mwongo aliye kwenye kioo, wakamkataa mkweli aliyesimama mbele yao. Lakini niwacheke kwa mdomo upi? Mimi ndiye niliyewafundisha.

Na Lameki? Alishuka jukwaani akanijia anatabasamu. Mnadhani alitetemeka? Mnadhani hata alinikumbuka? Mimi niliyemjazia kumbi, niliyevishwa utepe kwa mikono yake!

"Karibu mama," akasema. "Umeshapima?" Akaninyooshea kile kijichuma.

Nilimtemea mate kwenye lile koti. Vijana wake wakanitoa nje kwa mabega. Nilikwenda kutoa taarifa kwa wanaohusika, na nasikia ukumbi ulifungwa. Nasikia pia alishavuka na kwenda kufungua pengine, na sasa anatibu macho.

Nilipomsimulia Baba Kulwa, alisema: "Mimi nilikataa kwa woga. Wewe ulikataa kwa sifa." Safari hii hakwenda kumuuliza mama yake. Alipiga simu Kishapu, akamwamkia, akamwambia tunakwenda hospitali kubwa, akakata.

Maana daktari alisema bado inawezekana, tena sasa ni lazima zaidi, kiharusi kisije kurudi. Utaratibu wa gharama watu wa ustawi wa jamii walitusaidia. Tulipofika, mama mmoja wa ustawi alimchukua Doto chumba cha pembeni, mimi nikabaki nje kwenye benchi. Baadaye alinieleza, kwa ruhusa ya Doto, jinsi walivyozungumza. Doto aliuliza kama atakufa. Akaambiwa hatari yake ni ndogo sana. Akauliza kama itauma. Akaambiwa itauma. Akaambiwa pia kwamba anaweza kukataa na hakuna atakayemchapa wala kumnunia. Akafikiri. Kisha akauliza mkono wa Kulwa ukikataa kupona, yeye atakuwa amekosea?

Alipotoka alikaa karibu nami. Akaniambia amekubali. Halafu akasema:

"Mama, kumbe ni kitu cha kuuliza tu? Kwa nini mwaka ule hamkuniuliza?"

Nyie! Nilitamani benchi lipasuke.

Walimtoa Doto uloto asubuhi. Alichechemea siku tatu, akadai soda, akapewa. Kulwa ndiye aliyepita motoni. Nywele zilikatika, mdomo ukajaa vidonda, kuna wiki mbili nilikuwa namwona kupitia kioo tu, nikihesabu kifua chake kikipanda na kushuka. Uloto wa Doto ulipoingia, ulikuwa mfuko mmoja mwekundu tu, unaoning'inia kama mfuko mwingine wowote wa damu. Hakuna muziki, hakuna kipaza sauti, hakuna aliyepiga makofi. Nesi aliangalia saa, akaandika, akaondoka. Hizo ndizo seli shina, ndugu zangu. Hazina ladha ya stroberi.

Leo damu ya Kulwa si ya mundu tena. Wamepima mara nyingi, ni nzima. Lakini mkono wa kulia haushiki kalamu, anajifunza kuandika kwa kushoto. Maneno humjia kwa kukwama, na darasani wenzake wamemwacha. Shina jipya limeponya damu, halikurudisha kipande cha ubongo kilichokufa Jumamosi ile nikifua nguo. Nilipomuuliza daktari kama hakuna seli za kurudisha na hicho, alinijibu kwamba wanaotafuta wapo, wanatafuta kwa uaminifu, na bado hawajapata. "Atakayekwambia amepata," akasema kwa ile sauti yake ya chini, "mkimbie."

Mwezi uliopita nilikwenda Isaka. Nilimkuta Mama Zuhura mbele ya sufuria la wali, malori yamepanga mstari barabarani. Nikamsalimu, akaitikia. Nikamwambia nilimdanganya wodini. Nilijua. Nilipokuwa narekodi ile video, mwanangu alikuwa ametoka kulazwa wiki moja tu kabla, na nilimficha alama ya sindano kwa sweta.

Alifunika sufuria. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Nilijua kuwa ulijua," akasema. "Nilitaka tu uniambie mwenyewe." Nikaanza kulia, nikapiga magoti vumbini. Akanizuia kwa mkono. "Usinililie hapa, wateja wananisubiri. Mimi huna cha kunisaidia. Wewe una mdomo wa kushawishi watu. Nenda kautumie."

Ndiyo maana naandika. Video yangu bado inazunguka kwenye simu za watu, siwezi kuizima. Mkiiona, mwanamke mwenye kitenge cha njano na mtoto mwenye sweta siku ya jua kali, mjue ni mimi na mjue nilikuwa nasema uongo.

Na wewe mama unayesoma huku una pakiti kabatini, nakusihi... Nenda kwa daktari, sogeza kiti, uliza hata maswali ya kijinga, bishana naye ukitaka. Usiache dawa ya mtoto kwa sababu mtu mwenye koti safi amekwambia. Kama una mtoto mzima anayeweza kumsaidia mwenzake, usiamue kwa niaba yake kwa woga wala kwa sifa. Muulize. Watoto wetu wana akili kuliko vikao vyetu.

Zuhura angekuwa darasa la kwanza mwaka huu.